Kidirisha cha Kujaribia

Kabla hajaanza kuandika miongozo ya kompyuta alikuwa amefundisha lugha shule ya sekondari kwa miaka kumi na mmoja, na ndiyo maana pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa mlangoni, wote walimwita Mwalimu. Jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Ukimwandikia ujumbe kwamba utachelewa kwa sababu mtoto anaumwa, atakupa pole nyingi, atamwombea mtoto, kisha chini kabisa atakukumbusha kwamba "kwa sababu" ni maneno mawili.

Kampuni haikuwa kubwa. Vyumba vitatu juu ya duka la rangi, ngazi zinazonuka tapentaini, watu kumi na wawili na birika moja la umeme lililogombaniwa kila asubuhi. Kazi yao ilikuwa kuwatafutia usafiri wagonjwa wasioweza kufika hospitali kwa miguu yao: waliovunjika, waliofanyiwa upasuaji, na wengi zaidi wale wa figo, ambao mara tatu kwa wiki lazima walale kando ya mashine isafishe damu yao. Kila hospitali ilikuwa na programu yake ya kompyuta, na kampuni ilikuwa na mfumo wake wa magari. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na mlango ambao programu moja hupitia kuzungumza na nyingine. Wenyewe waliuita API. Programu ya hospitali inabisha hodi kwa maneno maalumu: nataka gari, nabadilisha saa, nafuta safari. Mfumo unajibu. Ukikosea neno moja, mlango haufunguki.

Mwalimu ndiye aliyeandika mwongozo wa maneno hayo, kurasa mia mbili na ushee kwenye mtandao, na aliupenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Kilichomkera ni kwamba wasomaji hawakuuelewa. Kila siku simu zililia. Watengenezaji programu wa kliniki za mbali walisoma ukurasa, wakafuata, wakakwama, wakapiga kuuliza jambo lililoandikwa palepale mbele yao.

"Mtu hajifunzi kuogelea kwa kusoma," alimwambia mkurugenzi siku moja. "Lazima umpe maji."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka, anayekunywa chai akiwa amesimama. "Maji yapi tena, Mwalimu?"

"Ukurasa uleule anaousoma uwe na kidirisha cha kujaribia. Kushoto maelezo, kulia visanduku vya kujaza. Anajaza, anabonyeza 'Jaribu', jibu linatokea hapohapo. Akikosea, anaona kosa lake. Hampigii mtu simu."

"Itachukua muda gani?"

"Nikipewa Kimya, miezi miwili."

Kimya alikuwa fundi wa programu, mwanamume wa makamo aliyesemekana kutoa sentensi mbili kwa siku, moja ikiwa ni "bado". Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Kwa miezi miwili yeye na Mwalimu walikaa meza moja, yeye akijenga vidirisha, mama huyu akipanga maneno. Walielewana kwa namna ya ajabu. Mwalimu alizungumza kutwa nzima, Kimya alitikisa kichwa, na jioni kazi ilikuwa imefanyika. Wenzao walisema ofisi imepata redio na spika yake, ila haijulikani ipi ni ipi.

Kitu kimoja Mwalimu hakukubali kabisa ni mifano ya kubuni. Miongozo mingine hujaza visanduku kwa takataka: mgonjwa anaitwa "aaa", anakaa mtaa wa "bbb", anataka kwenda "ccc". "Mfano wa uongo humfundisha msomaji uongo," alisema. Basi akaingia kwenye nakala ya mfumo iliyotumika kwa majaribio, yenye rekodi zilezile za kweli, akapekua safari hadi akapata moja iliyompendeza. Ilikuwa ya mgonjwa wa figo, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi. Kila kisanduku kilikuwa kimejazwa bila pengo. Na pale penye maelezo kwa dereva, mtu alikuwa ameandika: "Mzee hasikii vizuri. Gonga mlango kwa nguvu, halafu subiri, anakuja polepole."

Mwalimu aliisoma mara mbili, akatabasamu. Msomaji gani hataelewa kisanduku hicho ni cha nini? Akabadilisha jina la mgonjwa, akabadilisha mtaa na simu. Maelezo kwa dereva aliyaacha kama yalivyo. Namba ya safari nayo aliiacha, kwa kuwa namba ya kubuni ingejibiwa "haipo", na msomaji angedhani kidirisha kibovu.

Halikuwa jambo la hatari. Vidirisha vyote vilielekezwa upande wa majaribio, yaani kwenye nakala ile ya mfumo, ambako unaweza kuita magari elfu na lisiondoke hata moja. Waliweka na ufunguo wa wageni, ili mtu yeyote ajaribu bila kujisajili. Mwalimu alijaribu kila kitufe kwa mkono wake, kuita, kubadilisha, kufuta. Vyote vikaitika.

Wiki ya uzinduzi, seva, yaani kompyuta inayoendesha upande wa majaribio, ikaanza kusuasua. Inasimama, inaamka, inasimama tena. Mkurugenzi alikuwa ameshawaalika wakubwa wa hospitali sita waje kuonyeshwa Jumatatu. Ijumaa alasiri alikuja mezani kwao na kikombe chake.

"Mtafanya mnavyojua," alisema. "Jumatatu kitu kifanye kazi."

Kimya akafanya alivyojua. Akavigeuza vidirisha vyote, pamoja na ufunguo wao wa wageni, vielekee mfumo wenyewe, ule wa kweli, kwa muda tu hadi seva ipone. Akafunga vile vya kuita na kubadilisha safari, akaacha vile vya kusoma tu, vya kuangalia safari bila kuigusa. Ukurasa wa kufuta safari hakuufunga, kwa sababu haukuwapo. Mwalimu alikuwa ameushusha kutoka mtandaoni tangu Jumatano ili ausafishe lugha.

"Nimegeuza," Kimya alimwambia. "Ni kusoma tu."

"Haya," Mwalimu akajibu. Alikuwa ameinamia skrini, akiwinda nukta iliyopotea.

Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa wanapanda ngazi, aliupandisha ukurasa wake wa kufuta. Kidirisha alikuwa ameshakijaribu wiki iliyotangulia, kikaitika vizuri. Hakuona haja ya kurudia.

Siku ile ilikuwa nzuri. Wakubwa wa hospitali walijaza visanduku wenyewe, wakaona majibu, wakacheka kama watoto waliopewa filimbi. Saa tisa alasiri ukaingia ujumbe kutoka kwa mtengenezaji programu wa kliniki moja ya mbali, mtu wasiyemfahamu. Mwalimu akausoma kwa sauti ofisi nzima isikie.

"'Nimefanya kazi hii miaka saba,'" alisoma, "'sijawahi kuona mwongozo kama huu. Nimejaribu kila kitufe kilicho wazi, hadi cha kufuta, na vyote vimenijibu. Aliyeuandika Mungu ambariki.'"

Wakampigia makofi. Kimya naye alipiga, mara tatu, na kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba. Jioni Mwalimu alimsimulia mumewe neno kwa neno, na mumewe, fundi umeme asiyejua lolote kuhusu programu, akamwambia arudie pale pa Mungu ambariki.

Kesho yake, Jumanne, mzee mmoja aliamka mapema, akaoga, akavaa koti lake la kahawia, akaketi kwenye kiti cha mlangoni na mfuko wake wa blanketi na vidonge. Saa mbili ikafika, gari halikuja. Alikuwa akiishi peke yake. Mkewe alikuwa ametangulia, wanawe wawili wa kiume walikuwa wakifanya kazi mbali, na binti yake, mshonaji, alikaa upande wa pili wa mji. Alingoja hadi saa tatu. Kisha akapiga namba ya magari. Akaambiwa hakuna safari yoyote kwa jina lake. Labda alikosea kusikia, akapiga tena. Jibu likawa lilelile. Siku hiyo alipiga mara nne.

Binti alikuja kujua baadaye alichokuwa akifikiria baba yake, kwa sababu alimwambia jirani. Wiki iliyotangulia alikuwa amechelewa kutoka, dereva akangoja robo saa na kukunja uso. Mzee alidhani amefutwa kwa ajili hiyo. Aliona aibu. Hakutaka kumsumbua binti yake, ambaye alikuwa na sare za shule nzima za kushona. Alhamisi alivaa tena koti, akakaa tena mlangoni, pengine wamemsamehe. Ijumaa asubuhi binti alipopiga simu kumsalimu, baba aliongea kama mtu aliyelewa. Binti alikimbia na teksi, akamkuta amevimba miguu na uso, pumzi ikipanda kwa shida. Hospitali walimpokea mbio. Mashine ilikuwa tayari, na kitanda kilikuwapo. Moyo ulisimama kabla hawajamaliza kumfunga mirija.

Jumatatu ya pili baada ya uzinduzi, binti akapiga ofisini. Hakuwa akipiga kelele. Alitaka tu kujua ni nani aliyeifuta safari ya baba yake, maana yeye ndiye aliyeiandikisha na hakuifuta.

Simu ilimfikia Kimya. Akaandika namba ya safari kwenye karatasi, akaangalia kumbukumbu za mfumo. Kisha akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mwalimu.

"Mwalimu. Njoo uone."

Mstari ulikuwa mmoja tu. Jumatatu, saa nane na dakika arobaini na mbili, safari imefutwa pamoja na zote zinazofuata. Ufunguo uliotumika: wageni. Kando yake namba ya safari, ile aliyoiacha kwenye mfano. Mwalimu aliitambua kabla hajamaliza kuisoma, kama unavyotambua mwandiko wako.

"Si upande wa majaribio?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Niligeuza," Kimya alisema. "Nilikwambia niligeuza. Ukurasa wa kufuta haukuwapo."

"Niliupandisha mimi."

"Ndiyo."

Hawakulaumiana. Kuna makosa yanayogawanyika, huyu achukue nusu na yule nusu. Hili halikugawanyika. Kila mmoja alilichukua lote. Kimya alienda chooni, akakaa huko karibu saa nzima, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Mwalimu alivishusha vidirisha vyote, kimoja baada ya kingine, hadi mwongozo ukabaki maneno matupu kama zamani.

Mkurugenzi aliwakusanya. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa kitini. "Hakuna mtu atakayezungumza na familia ile," alisema. "Mwanasheria anaandika barua. Tumeelewana?"

Barua ilipotoka, Mwalimu alipewa aipitie lugha, kama kawaida. Ilisema kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi iliyosababisha kuondolewa kwa safari, na kwamba kampuni inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza. Hakukuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Aliisoma tena na tena kama alivyokuwa akisoma insha za wanafunzi wajanja, akitafuta ni nani aliyefanya nini. Kulitokea, kuondolewa, uliojitokeza. Barua nzima haikuwa na mtu ndani yake. Na mzee, mzee mwenyewe, aliitwa "usumbufu".

Aliirudisha bila alama.

Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, na mumewe akasikiliza mikono ikiwa magotini.

"Nataka kwenda kwa yule binti," alisema.

"Wamekukataza."

"Wamenikataza."

"Utafukuzwa kazi."

"Najua."

Walikuwa na watoto wawili shuleni, na mama mkwe aliyekuwa akiishi nao. Mumewe akasema, "Basi vaa viatu vya kufunga. Mitaa ya kule ina matope."

Mshonaji alikuwa na chumba kimoja kilichotazama barabara, cherehani mbili, moja ya mguu na moja ya umeme, na sare za bluu zimerundikwa hadi dirishani. Alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani kwenye gauni. Alidhani mgeni ameleta kitambaa.

"Karibu, dada. Unashona nini?"

"Sijaja kushona," Mwalimu alisema akiwa bado mlangoni. "Natoka kwenye kampuni ya magari. Pole kwa msiba. Hawajanituma. Nimekuja mwenyewe."

Mshonaji alimtazama. Akachomoa pini moja moja kutoka kifuani, akazipanga kwenye kibati. "Kaa," alisema.

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha wateja. Mshonaji akatoa barua kutoka chini ya kitambaa, imekunjwa mara nne. "Nimeisoma hii mpaka imechoka. Kaka zangu wamenipigia wanauliza inasema nini, nashindwa kuwaambia. Nilisoma mpaka kidato cha nne, si kwamba sijui kusoma. Hii hitilafu ni nani?"

"Mimi," Mwalimu alisema.

Nje pikipiki ilipita.

"Mimi na mwenzangu mmoja. Lakini sehemu iliyonileta hapa ni yangu."

"Nieleze, basi. Nieleze kama mtu asiyejua."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mwalimu maishani, kumweleza mtu asiyejua, na alipofungua kinywa alikuta maneno hayapo. Alianza na programu za hospitali, akapotea. Akaanza na seva, akaona uso wa mshonaji ukijifunga. Akaacha, akaanza upya. Alisema waliandika kitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuita magari. Alisema alitaka watu wajifunze kwa kujaribu, hivyo wakaweka kitufe ndani ya kitabu. Kitufe kilipaswa kuwa cha bandia, kama bunduki ya mbao. Siku tatu kabla, mwenzake akakiunganisha na kitu cha kweli, kwa nia njema, na yeye mwenyewe akaambiwa lakini hakusikiliza. Mtu mmoja huko mbali akakibonyeza, akijifunza.

"Huyo mtu alijua?"

"Hakujua. Mpaka leo hajui."

"Na kwa nini awe baba yangu? Watu wote hao wanaobebwa na magari yenu."

Hilo ndilo swali aliloliogopa njiani kote. "Nilihitaji mfano," alisema. "Nilichagua wa kwake kwa sababu ulikuwa umeandikwa vizuri kuliko yote. Kulikuwa na maelezo kwa dereva. Kwamba hasikii vizuri, agonge kwa nguvu..."

"...halafu asubiri, anakuja polepole," mshonaji alimalizia. Mkono wake ulikuwa umepanda mdomoni. "Niliandika mimi. Niliandika hayo kwa sababu kuna dereva aligonga mara moja akaondoka."

Akalia. Alilia akiwa ameshika sare ya mtoto wa watu, bila kujifutia machozi nayo, akiisogeza pembeni isilowe. Mwalimu alitaka kumshika bega, akajizuia, kwa kuwa hakujua kama mkono wake una haki hiyo. Naye akalia pale alipokaa. Mteja mmoja alichungulia, akaona wanawake wawili wanalia, kila mmoja peke yake, akaondoka taratibu.

Baada ya muda mrefu mshonaji alijifuta kwa kanga. "Wewe ni wa kwanza kuja," alisema. "Lakini sitakudanganya, dada. Sijui nikufanye nini. Nikikutukana, baba harudi. Nikikusamehe, naona kama namsaliti yeye aliyekaa mlangoni siku mbili."

"Sikuja kuomba unisamehe."

"Ulikuja kuomba nini?"

Mwalimu alifikiri. "Sijui. Nilitaka tu uwe na mtu wa kumwuliza."

Mshonaji aliigeuza ile barua, akailaza juu ya cherehani, upande mweupe ukiwa juu. Akatafuta kalamu kwenye droo ya nyuzi. "Basi niandikie. Kama ulivyonieleza sasa hivi, hivyohivyo. Niwasomee kaka zangu. Uweke na jina lako."

Mwalimu aliandika kwa muda wa nusu saa. Hakutumia neno lolote la kazi. Kila sentensi ilikuwa na mtu ndani yake: niliacha, aligeuza, nilipandisha, tulisahau, alingoja. Alipomaliza alisoma kwa sauti, na mshonaji akamsimamisha mara moja tu, akasema baba yake hakuwa na miaka sabini na miwili, alikuwa na sabini na minne. Mwalimu akasahihisha, akatia sahihi.

Karatasi hiyo ilifika kwa mwanasheria wa familia katika wiki ileile, na kutoka kwake ikafika kwa mkurugenzi. Alimwita Mwalimu, akaiweka mezani. Hakufoka. Alionekana mzee ghafla.

"Umetumaliza," alisema.

"Kuna neno la uongo humo, bosi?"

"Hakuna. Ndiyo shida yake."

Mwalimu alifukuzwa siku hiyohiyo, akaondoka na boksi la kamusi zake. Kimya alimbebea boksi hadi chini, ngazi kwa ngazi, kupita harufu ya tapentaini. Barabarani alisimama kana kwamba anatafuta kitu mfukoni. "Ningepaswa kwenda na wewe kwa yule binti," alisema. "Nilifika mpaka kona ya mtaa wake, Jumapili. Nikarudi." Hiyo ilikuwa sentensi ya tatu siku hiyo. Mwalimu alimwambia aende nyumbani akalale, lakini Kimya akarudi ndani ofisini.

Kabla hajakabidhi kompyuta alikuwa amekuta ujumbe mmoja haujajibiwa. Ulitoka kwa yule mtengenezaji programu wa kliniki ya mbali. Aliuliza mbona vidirisha vimeondolewa, alikuwa anawafundisha wenzake wawili kwa kuvitumia, je, vitarudi lini? Mwalimu alikuwa ameapa kusema ukweli wote kwa kila mtu. Mwanzo wa jibu lake ulikuwa, "Siku ile ulipobonyeza..." Akaufuta. Akamwandikia kwamba vidirisha vilikuwa na kasoro ya waliovijenga, vinatengenezwa upya, na kwamba yeye alifanya kila kitu sawasawa. Alipotuma alijua kuwa huo nao ni mzigo, na kwamba atakayeubeba ni yeye.

Miezi miwili ilipita. Alipata kazi ya kupitia vitabu vya shule kwa mchapishaji mmoja, kipande kwa kipande, mezani kwake nyumbani. Hakuandika tena mwongozo. Alisikia kwamba vidirisha vimerudishwa, vikiwa na wagonjwa wa kubuni, namba za kubuni, na seva isiyogusana na kitu chochote chenye uhai. Alisikia pia kwamba kampuni na familia wamepatana nje ya mahakama. Hakuuliza walipatana nini.

Alasiri moja simu yake ililia, namba ngeni. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Alikuwa kaka mkubwa wa mshonaji.

Alimtukana. Alimtukana kwa utulivu kwanza, kisha kwa kelele, kisha kwa maneno ambayo Mwalimu hakuwahi kutukanwa nayo tangu azaliwe. Mama mkwe aliyekuwa akichambua mchele aliinua kichwa, akamwashiria akate. Mwalimu alitikisa kichwa, akabana simu sikioni. Aliyasikiliza yote hadi yule mtu akaishiwa pumzi.

Kisha kaka akauliza, sauti imeshuka kabisa, "Kumbukumbu zenu zinaonyesha alipiga simu saa ngapi?"

"Jumanne mara nne," Mwalimu alisema. Alizijua kwa moyo. "Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika nane. Saa tano kasoro kumi. Na saa nane."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi hakupiga."

"Kwa hiyo Alhamisi alikaa tu."

"Alikaa tu, kaka."

Alimsikia akilia, kilio cha mtu mzima asiyekizoea, kinachokwama na kutoka kwa vipande. Mwalimu alibaki kwenye simu. Dakika zikapita, mama mkwe akarudi kwenye mchele wake, chembe zikichezacheza kwenye ungo. Mwishowe yule mwanamume akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia baba asiwe anamsumbua dada. Nilimwambia ana kazi nyingi." Kisha simu ikakatika.

Mwalimu aliiweka mezani, skrini ikitazama chini. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha sayansi cha darasa la tano, sura ya moyo na mishipa, penseli ikiwa katikati ya ukurasa. Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu, akaweka ungo mapajani, akaendelea kuchambua, na wawili hao wakakaa hivyo mpaka watoto wakarudi kutoka shule wakisema wana njaa.